Kucha zilizotafunwa miaka mingi: zitarudi, ukijua namna ya kuzingojea

Swali: Msomaji wa Likoni, mwanamke wa miaka 29, anasema anatafuna kucha tangu darasa la pili. Sasa ni fupi hadi nyama ya mbele imetokeza, ni laini, zinachanika kwa matabaka, na kucha za madole gumba yote mawili zina mabonde ya kukata upande hadi upande. Mdogo wake anaolewa baada ya miezi minne, na yeye anataka kutiwa hina bila kuficha mikono. Amepaka dawa ya kukaza kucha, ameambiwa ale vitu vyenye kalisi, na shoga zake wanamhimiza abandike kucha za akriliki. Anauliza kama kucha zitarudi, na aanzie wapi.

Jibu:

Zitarudi, dada yangu. Meno yamekula ncha, lakini mzizi unaotengeneza ukucha umejificha chini ya ngozi, nyuma ya shina, na kwa watu wengi wanaotafuna huwa mzima. Ule mwezi mweupe unaouona kwenye dole gumba ndio ukingo wa mbele wa mzizi huo. Kuanzia hapo kwenda mbele, ukucha ni kitu kilichokwisha kufa. Hauna damu wala mishipa ya fahamu, ndiyo maana hauumi ukikatwa, na kwa kuwa umekufa, hauponi. Hakuna mafuta, rangi wala kidonge kitakachoingia kwenye ukucha uliochanika kikaushikanisha tena. Ukucha hautibiwi, hungojewa. Kazi yako ni kuulinda huo mbovu usivunjike zaidi mpaka mpya uusukume utoke.

Kungojea kwenyewe kuna hesabu. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, yaani milimita 1 kila siku kumi hivi, na huchukua kama miezi sita kutoka mzizini hadi nchani. Kidole cha kati huongoza. Dole gumba na kidole cha mwisho huburuta nyuma. Kwa miezi yako minne utapata kama milimita 12 za ukucha mpya. Kwenye vidole vidogo hiyo ni karibu sehemu yote inayoonekana. Kwenye madole gumba, ncha bado itakuwa ile ya zamani. Nakuambia mapema ili wiki ya sita usije ukadhani mambo hayaendi.

Ukitaka kuona mwendo huo kwa macho yako, jitie hina leo kwenye ukucha mmoja tu, wote hadi shinani. Hina ya kweli haitoki ukuchani kwa maji wala kwa sabuni, hutoka kwa kusukumwa mbele. Baada ya mwezi pima kwa rula ile nafasi isiyo na rangi kati ya ngozi ya shina na ukingo wa hina. Hapo utaujua mwendo wa kucha zako mwenyewe.

Sasa tuanze na ncha, kwa sababu ndiyo inayouita mkono mdomoni. Wengi hudhani wanatafuna kwa wasiwasi tu. Chunguza: mara nyingi kidole kingine kimepapasa mahali palipochongoka, na meno yakaitwa kulainisha. Nunua msasa wa kucha, ule wa ubao mwembamba, namba 180 au 240 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi). Acha tupa ya chuma, inararua. Piga msasa ukucha ukiwa mkavu, upande mmoja tu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ukipeleka na kurudisha kama msumeno unayaachanisha matabaka ambayo tayari yamelegea. Pembe zifanye za mviringo. Pembe kali hukwama kwenye nguo, na ukucha mlaini ukikwama huchanika kuingia ndani. Nunua misasa miwili midogo, mmoja ukae kwenye mkoba na mwingine kando ya kitanda. Ukihisi mchongoko, msasa kwanza.

Vile vingozi vinavyochomoka pembeni mwa ukucha usivivute wala usiving'ate. Kimoja kikivutwa huchana kuelekea kwenye nyama hai, na hapo ndipo vijidudu hupita. Loweka kidole dakika tano, kata kingozi shinani kwa mkasi mdogo mkali uliofutwa kwa spiriti, kisha paka mafuta. Na ile ngozi nyembamba iliyoshika shina la ukucha usiikate kabisa, hata fundi wa saluni akisema inaharibu sura. Hiyo ndiyo inayozuia maji na uchafu kuingia mzizini.

Nyama iliyotokeza mbele ndiyo inayowakatisha wengi tamaa, basi nikueleze inavyokuwa. Kwa kawaida ukucha umegandana na nyama ya chini yake karibu hadi nchani. Ukila ukucha kupita mpaka huo, ile nyama inabaki wazi, na kwa miaka inakomaa na kufanana na ngozi ya kawaida ya kidole. Ukucha mpya ukifika hapo hukuta mahali pasipopokea tena. Unapita juu bila kushika. Kushikana hurudi polepole, na kwa baadhi ya watu sehemu iliyoshikana hubaki fupi kidogo kuliko ilivyokuwa utotoni. Kinachoharibu zaidi ni haraka. Ukucha ukiachwa urefuke kabla haujashika, kila ukigonga kitu ncha huinuka na kuubandua ule wa nyuma yake. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza usiruhusu ncha iliyo huru izidi milimita 1. Ndiyo, unangojea kucha ndefu na mimi nakuambia uzifupishe. Lakini unazifupisha kwa msasa, kila siku ya tano au ya sita, ili pale pa chini papate utulivu wa kushikana.

Chini ya ukucha usichokoe. Kijiti cha meno, pini, ncha ya msasa, vyote hivyo hubandua. Uchafu uliomo usugue kwa mswaki laini na sabuni, kutoka juu. Na usitumie ukucha kukwangua vocha, kufungua kopo la soda au kumenya kitunguu saumu; chukua sarafu au kisu.

Kisha maji. Kwa jinsi ulivyoeleza, matabaka yanachanika, na hiyo ni alama ya mikono inayolowa na kukauka mara nyingi. Ukucha hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa, na kila mzunguko hulegeza kinachoshikanisha tabaka na tabaka. Sabuni ya unga huondoa mafuta ya asili, na Jik huzidisha. Kama unafua kwa mkono, fua mara moja kwa siku badala ya vipande viwili asubuhi, viwili mchana na vingine jioni. Vaa glavu za mpira, ndani yake glavu nyembamba za pamba, na uzivue kila baada ya dakika ishirini hivi, maana kwa joto la Mombasa jasho la ndani ya glavu nalo ni maji. Vyombo ni vivyo hivyo. Maji ya udhu hayana sabuni na hayakai, hayakudhuru; futa tu vidole vikauke, pamoja na pembeni mwa kucha.

Mafuta hayakuzi ukucha. Yanazuia usikauke ukawa wa kuvunjika, na hilo latosha. Mchana mafuta ya nazi yanafaa: tone moja kwa kila vidole viwili, usugue shinani, pembeni na chini ya ncha kwa dakika moja. Usiku tumia mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya mbaazi kwa mkono mmoja, kwa kuwa hayo ndiyo yanayofungia maji ndani vizuri zaidi. Kama unaswali, yapange baada ya Isha na baada ya Alfajiri. Ukiweza kufanya mara moja tu, chagua usiku.

Wako watakaokuambia usugue ndimu ili kucha ziwe nyeupe, au kitunguu saumu kibichi ziwe ngumu. Usifanye. Ndimu hukausha, na maji yake yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi ya wiki nyingi. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi huunguza. Dawa ya kukaza kucha, kama ina fomaldehaidi (soma kibandiko), hukaza kweli kwa wiki chache, kisha ukucha unakuwa mgumu usiopinda, nao usiopinda huvunjika. Iache. Asetoni ya kutolea rangi isizidi mara moja kwa wiki mbili.

Sasa tabia yenyewe, maana yote hayo hayana faida ikiwa meno yanaendelea. Usijione huna nia. Mkono wa mtu aliyetafuna miaka ishirini hufika mdomoni kabla yeye hajajua, na huwezi kuzuia usichokiona. Mbinu iliyojaribiwa zaidi ilielezwa mwaka 1973 na wanasaikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, na hatua zake kuu ni mbili. Kwanza, kwa siku tatu usijizuie; andika tu kwenye simu kila ukijikuta: saa ngapi, wapi, unafanya nini, kidole kipi. Utaona mahali ni pachache. Pengine ni foleni ya feri, pengine tamthilia ya usiku, pengine ukiwa unasoma ujumbe. Pili, kwa mahali hapo uweke tendo ambalo haliwezi kufanyika pamoja na kutafuna. Funga ngumi na dole gumba ndani, kaza kiasi, hesabu dakika moja, kisha legeza. Kama hamu ipo, rudia. Fanya mkono unapoanza kupanda, usingoje ufike. Kwenye feri shika tasbihi au bomba. Mbele ya televisheni funga plasta ya kitambaa kwenye vidole viwili vinavyoliwa zaidi, uivue ukienda kulala ngozi ipumue.

Usijilazimishe vidole kumi siku moja. Anza na madole gumba, wiki mbili. Yakisalimika ongeza vidole vya mwisho, halafu vingine. Na ukiteleza ukala ncha ya kimoja, umepoteza milimita moja au mbili za kidole hicho, yaani siku kumi hadi ishirini. Mzizi haukuguswa, vidole vingine havikuguswa. Chukua msasa, lainisha, endelea.

Dawa chungu husaidia kama kengele, haimalizi tabia peke yake. Zile za dukani huwa na denatoniamu, kitu kichungu kupita kiasi ambacho hutiwa hata kwenye spiriti ili isinyweke. Hukauka na kufanya utando juu ya ukucha, na utando unazuia maji ya udhu, kwa hiyo wanaoswali wengi hawaitaki. Badala yake kuna shubiri. Ukikata jani la mshubiri, ule ute mweupe wa katikati hauna uchungu wa maana. Uchungu uko kwenye maji ya manjano yanayovuja karibu na ganda. Paka kidogo nchani, acha ikauke, rudia baada ya kila udhu. Usipake penye kidonda. Na maji hayo ya manjano yakimezwa huharisha, hivyo mja mzito asiyatumie. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa nayo ni machungu ya kutosha, lakini mafuta ya mwarobaini usiyapake kamwe kwenye vidole vya mtoto anayetafuna kucha: yakimezwa na mtoto mdogo ni sumu.

Mabonde ya madole gumba nayatenga kwa sababu huenda hayatoki kwenye meno. Jiangalie: je, unapokuwa umekaa, kidole cha shahada hukwangua au kusukuma ngozi ya shina la dole gumba? Wengi wanaotafuna hufanya hivyo bila kujua. Kila msukumo hubonyeza mzizi, na kila mbonyezo huandikwa kama bonde moja, moja baada ya jingine katikati ya ukucha. Funga plasta mahali pa shina, siyo nchani, mchana kutwa kwa wiki kadhaa, uibadilishe kila ikilowa. Ukiacha kusukuma, mabonde yatasogea mbele na kutoka. Bonde linalokata upande hutoka. Ufa wa urefu unaoanzia shinani na kubaki palepale baada ya miezi minane ni dalili kwamba mzizi una kovu, na huo hauondoki kwa mafuta.

Kuhusu kalisi: ukucha una kalisi kidogo mno, na ugumu wake unatoka kwenye protini. Vile vidoa vyeupe watu wanavyosema ni upungufu wa kalisi huwa ni alama za kugongwa au kung'atwa shinani wiki nyingi zilizopita. Kinacholeta kucha dhaifu kweli, hasa kwa mwanamke, ni upungufu wa madini ya chuma. Kama hedhi yako ni nzito, unachoka upesi, una hamu ya kula udongo au barafu, au ukucha umebonyea katikati kiasi kwamba tone la maji linaweza kukaa, kapime damu, pamoja na akiba ya chuma, siyo wingi wa damu peke yake. Samaki, nyama, kunde na mchicha vitasaidia. Maharagwe na mboga kamulia ndimu, huko ndiko ndimu inakofaa, kwa sababu husaidia chuma kupita. Na chai, dada yangu, iache ipite saa moja baada ya chakula, maana majani ya chai huzuia chuma cha mbaazi na mboga. Vidonge vya biotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya kucha na nywele, havina haja kwa mtu anayekula vizuri, na vinaweza kupotosha baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo. Kama unavimeza, mwambie daktari kabla ya kupimwa.

Akriliki nisingekushauri sasa. Ni kweli ni nene na meno hayaipendi, na baadhi ya watu waliacha kutafuna kwa njia hiyo. Lakini ili ishike, fundi hukwangua uso wa ukucha, na wako hauna unene wa kukwanguliwa. Ni ndefu, kwa hiyo hubandua ule wa chini usioshika, yale niliyoeleza. Gundi na jeli zikigusa nyama iliyo wazi zinaweza kuanzisha mzio usiokuacha maisha yako yote. Kama tayari unazo, usizing'oe. Punguza urefu, loweka pamba kwenye asetoni, ifunge kwa karatasi ya foili dakika 15 hadi 20, kisha sukuma taratibu. Pasipotoka, rudia kuloweka.

Hina ya harusi jitie, na kwa kucha zako ni pambo salama kuliko rangi. Iwe hina ya majani, inayotoa rangi ya chungwa na kukolea hadi hudhurungi. Ikiwa inanuka petroli, ikatae. Piko usiiweke kabisa kwenye ngozi iliyong'atwa: ni rangi ya nywele, na kemikali yake inaweza kuleta malengelenge na mzio utakaokusumbua kila ukipaka rangi ya nywele baadaye. Wiki moja kabla ya siku ya hina, hakikisha vingozi vyote vimepona. Mafuta usipake siku hiyo mpaka hina imebanduliwa, kwa sababu huzuia rangi kushika.

Yako mambo ambayo hayangojei miezi. Pembe ya ukucha ikivimba, ikawa moto na kudunda, huo ni mdudu wa kidole. Siku ya kwanza loweka kwenye maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Ukiona usaha, au baada ya siku mbili hakuna nafuu, nenda ukapasuliwe na mwenye vifaa safi. Usitumbue kwa pini. Mwenye ugonjwa wa sukari aende siku hiyohiyo. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja yenye maumivu makali huenda ni hapisi (herpes, maambukizi ya virusi), na hayo hayapasuliwi hata kidogo. Ukucha ulioinuka ukigeuka kijani, kuna bakteria chini yake: kata sehemu iliyoinuka, uweke pakavu, na uloweke kwenye kijiko 1 cha siki nyeupe kwa vijiko 4 vya maji, dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Isipoondoka, onana na daktari. Vigwaru (chunjua) pembeni mwa kucha visingojewe pia, maana kila unapovitafuna unavipanda kwenye vidole vingine na midomoni. Na mstari mweusi wa urefu ukitokea kwenye kucha kadhaa mara nyingi ni rangi ya kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Lakini ukiwa mmoja tu, mpya, unaopanuka, au rangi yake ikamwagikia kwenye ngozi ya shina, nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo, na siku ya kwenda usipake hina wala rangi kwenye ukucha huo.